Shukrani Isiyomkanyaga Jirani

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

Somo la leo: Luka 13:10–17

Leo tuna neno kwa ajili yenu mnaotusikiliza mkiwa mmelala kitandani kwa sababu hamwezi kuinuka, na pia kwa ajili ya wale wanaowauguza.

Tunaposema “sisi” katika mazungumzo haya, twasema watu wawili, mume na mke. Mgongo uliovunjika ulikuwa mmoja, lakini walioumia walikuwa wawili. Kwa hiyo tumeona si haki mmoja wetu asimulie peke yake.

Ilikuwa mwezi wa Desemba mwaka 2014. Tulikuwa tunatoka Lodwar kwenda Kakuma kuwafundisha wazee wa kanisa. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 120, na wakati ule, kabla ya matengenezo makubwa ya barabara ile, mashimo yalikuwa mengi kuliko lami. Magari ya abiria yalikuwa yamejaa. Tukapata lori la mahindi, tukapanda juu ya magunia pamoja na watu wengine. Hatumlaumu mtu. Tuliona hatari kwa macho yetu, lakini tulikuwa na haraka.

Mbele kidogo lori lilishuka katika laga kavu, yaani mto wa mchanga ambao huwa na maji siku za mvua tu. Gurudumu la nyuma likazama, gari likainama upande mmoja, na magunia yakateleza. Mmoja wetu alirushwa chini, akaangukia jiwe kwa mgongo. Mwenziwe alibaki juu, ameshika kamba, akipiga kelele.

Watu wema walikuja mbio. Wakamshika mmoja mikono, mwingine miguu, wakamnyanyua kama mtu anyanyuavyo gunia, wakamlaza nyuma ya pikapu iliyokuwa inarudi Lodwar. Walifanya kwa huruma, na twawashukuru mpaka leo. Lakini baadaye tuliambiwa kwamba kunyanyuliwa kwa namna ile kungeweza kumaliza kazi ambayo jiwe lilikuwa limeianza.

Hapa, ndugu zetu, turuhusuni tuseme neno la mwili kabla ya neno la roho. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katikati yake umepita ule mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Pingili ikivunjika huweza kuunga. Mshipa ule ukikatika, hauungi kama mfupa uungavyo. Basi mkimwona mtu ameanguka na analalamika mgongo au shingo, msimkunje, msimketishe, msimvute mikono. Mwacheni kwanza alale alivyo. Ikiwa hakuna budi kumhamisha, mtafutieni ubao au mlango, mshikeni watu wanne au zaidi, na kichwa, mabega na kiuno viende pamoja kama gogo moja. Hospitali ya taifa ya rufaa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi, na kutoka Lodwar hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 700. Kwetu Turkana, mikono ya kwanza kumgusa majeruhi ni mikono ya majirani. Basi mikono hiyo na ijue kazi yake.

Picha ilionyesha pingili moja ya kiuno imepondeka, na kipande cha mfupa kimeubana ule mshipa bila kuukata. Tukasafirishwa hadi hospitali kubwa ya mbali. Waganga wakapasua, wakaondoa kipande kile, wakatia vyuma na misumari ya kushikilia pingili. Tulipouliza, “Je, atatembea?” walijibu, “Huenda. Tungojeeni.”

Ndugu wasikilizaji, neno “huenda” ni zito kulibeba. Mtu akikuambia ndiyo, utafurahi. Akikuambia hapana, utalia, kisha utanyamaza. Lakini “huenda” hulala nawe usiku na kuamka nawe asubuhi.

Siku ya kumi na moja, kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Kidogo tu, kama mdudu aliye chini ya shuka. Tukaita watu. Tukalia kwa furaha. Na jioni ile tukaomba kwa sauti, kama ilivyo desturi yetu, tukamshukuru Mungu. Lakini sikilizeni tulivyoshukuru.

Katika kitanda cha jirani alilala kijana kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alizaliwa Sudan Kusini, akaletwa Kakuma akiwa mtoto mdogo. Mnajua kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, wanaishi huko watu zaidi ya 200,000. Kijana huyu hakuumizwa na vita. Mvua kubwa ilinyesha, ukuta wa udongo ukamwangukia usiku. Mshipa wake ulikatika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na fahamu tena, na waganga hawakumwambia “huenda”.

Nasi katika maombi yetu tulisema, “Ee Bwana, twakushukuru kwa kuwa ingaliweza kuwa vibaya zaidi. Tungaliweza kuwa kama wengine waliomo humu, ambao miguu yao imekufa.”

Tukasema amina. Chumba kikanyamaza. Kisha kijana akasema kwa sauti ya upole, bila hasira:

“Mwalimu, na wewe mama, nimewasikia. Ninyi mmeshukuru kwa kuwa si kama mimi. Je, na mimi nishukuru kwa kuwa si kama nani?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha Biblia miaka kumi na minane, na mara nyingi tulikuwa tumehubiri juu ya yule Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akamshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine, wala si kama yule mtoza ushuru aliyekuwa nyuma yake. Tulikuwa tukimcheka Farisayo huyo. Na kumbe maombi yake tulikuwa tunayaomba sisi, karibu na kitanda cha mgonjwa, naye anasikia kila neno.

Ndugu, watu wengi wakitaka kumfariji mgonjwa humwambia, “Tazama walio na shida kuliko wewe.” Wanataka asizidishe huzuni yake, nayo ni nia njema. Lakini ukipanda juu ya mgongo wa mwenzio ili uone mbali, hujapata kuona mbali. Umempata tu mtu wa kumkanyaga. Na siku shida yako itakapokuwa kubwa kuliko za wote unaowajua, shukrani yako itakuwa imekwisha, maana haitakuwa na mtu wa kumkanyaga tena.

Usiku ule tulimwomba kijana msamaha. Akacheka kidogo, akasema, “Nimesamehe. Lakini mama, kama mikono yako ina nafasi, nigeuze. Muuguzi amekawia, na upande huu umechoka hata kama mimi sisikii.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuwa watu watatu. Muuguzi alimfundisha mmoja wetu namna ya kumgeuza mgonjwa: mto uwekwe wapi, mguu ukunjwe vipi, na ngozi itazamwe kila mara isije ikafanya vidonda vya kulalia. Kila saa mbili tuligeuza, usiku na mchana, kwanza kitanda kimoja, kisha kingine, tukisaidiana na wauguzi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitusimulia asili ya desturi hiyo. Zamani, watu waliovunjika uti wa mgongo wengi wao hawakuishi muda mrefu. Hawakuuawa na mgongo wenyewe, bali vidonda vya kulalia na magonjwa ya mkojo ndiyo yaliyowamaliza. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mganga mmoja aitwaye Ludwig Guttmann alipewa kuongoza wodi ya majeruhi wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru wageuzwe kila saa mbili, naye mwenyewe alikuwa akizunguka usiku kuhakikisha. Kisha akakataa kuwaacha wamelala tu. Akawapa kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16 walishindana kupiga upinde na mshale wakiwa katika viti vya magurudumu. Mashindano hayo yalikua mpaka yakawa yale ya dunia nzima kwa wenye ulemavu, yaliyofanyika Roma mwaka 1960.

Kijana wetu wa Kakuma alisikiliza kwa makini. Lakini kilichomwamsha hasa ni neno moja la mwisho. Mtaalamu alisema kwamba Guttmann alikuwa Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani mwaka 1939.

“Mkimbizi?” kijana akauliza.

“Ndiyo, mkimbizi.”

“Basi mimi nageuzwa kila saa mbili kwa amri ya mkimbizi mwenzangu,” akasema, na tangu siku ile hakukataa mazoezi tena.

Tulirudi Lodwar mwezi wa Aprili mwaka 2015, tumevaa mkanda mgumu kiunoni na kushika magongo mawili. Kijana alibaki. Tulimwahidi kwamba tutafika kwake Kakuma. Alisema, “Watu huahidi.” Hakusema zaidi.

Msidhani kwamba kurudi nyumbani ndiko kupona. Hospitalini kila mtu alijua kazi yake. Nyumbani hatukujua. Tulitoka nje saa kumi na mbili asubuhi kabla ya jua la Lodwar kuwaka, tukaelekea upande wa mto Turkwel. Siku ya kwanza zilikuwa hatua kumi. Baada ya mwezi tulifika mkoche wa kwanza, tukarudi. Tulihesabu mikoche kama mchungaji ahesabuvyo mbuzi.

Lakini wakati mwili ulipokuwa ukijifunza kutembea, roho zetu zilianza kuchechemea. Waumini walikuja, na kila aliyekuja alimwambia mgonjwa pole. Mwenye kuuguza alipewa sufuria achemshe chai. Yeye ndiye aliyechota maji, aliyeosha, aliyepika, aliyekopa, tena aliyekuwa haamki usiku mmoja bila kuitwa. Hakuna aliyemuuliza, “Na wewe, mgongo wako ukoje?” Wengine walitunong’oneza kwamba imani yetu ni ndogo, la sivyo Bwana angaliponya mara moja.

Siku moja yule mwenye mgongo aliona haya kumtazama mwenziwe akibeba maji. Akaona vema aonyeshe kwamba bado ni mwanamume. Akainama, akainua mtungi wa lita 20. Alifika nao hatua tatu. Tulikaa kitandani majuma mawili tena, na maneno tuliyoambiana majuma hayo yaliumiza kuliko lile jiwe. Mmoja alisema, “Wewe umechoka nami.” Mwingine akajibu, “Naam, nimechoka!” Na sote wawili tukaogopa, maana lilikuwa kweli na lilikuwa limetoka.

Hapo alitutembelea mzee mmoja wa Kiturkana, mshiriki wa kanisa letu. Mnawajua wazee wa Kiturkana na kile kigoda kidogo cha mti, ekicholong, wanachokwenda nacho kila mahali. Mchana hukikalia, na wakilala hukilalia kichwa. Mzee alikiweka chini, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha, kabla hajamsemesha mgonjwa, akamgeukia mwenye kuuguza. Akasema, “Mama, wewe umekula?”

Neno hilo tu. Mwenye kuuguza akalia mbele ya wageni, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya ajali.

Kisha mzee akamgeukia mgonjwa. “Mwanangu, wewe wadhani kupumzika ni uvivu. Mimi nimefuata ng’ombe nchi hii yote kwa miguu. Mwenye safari fupi hutembea mikono mitupu. Mwenye safari ndefu hubeba mahali pa kukaa.”

Kesho yake walikuja akina mama watatu wa kanisa na mitungi yao. Mzee aliwaambia. Toka siku hiyo maji hayakuwa tena kazi ya mtu mmoja.

Sasa turudi kwenye somo letu. Katika Luka 13 twasoma juu ya mwanamke aliyekuwa ameinama miaka kumi na minane, asiweze kujinyosha kabisa. Mtu aliyeinama hivyo huona nini? Huona vumbi. Huona miguu ya watu, haoni nyuso zao. Ndivyo maumivu yanavyomfanya mtu. Humwinamisha mpaka dunia yote ikawa ni kile kipande kidogo cha ardhi mbele ya vidole vyake. Kidole chake kikicheza, hasikii kwamba jirani analia. Mgongo ukimuuma, haoni kwamba mkewe hajala.

Lakini angalieni Bwana Yesu anavyofanya. Mwanamke yule hakumwita. Yesu ndiye aliyemwona kwanza, akamwita, akamwekea mikono. Mkuu wa sinagogi alipokasirika kwa kuwa ni sabato, Bwana alimkumbusha ya kuwa hata siku ya sabato mtu humfungua punda wake akampeleka kunywa maji. Sisi wa Turkana twalielewa neno hilo bila kufafanuliwa. Nani kwetu atamwacha punda na kiu kutwa? Na mwanamke huyu Yesu alimwita binti wa Ibrahimu. Alimrudishia jina katika jamaa, na hakumlinganisha na mtu yeyote.

Hapo ndipo tulipoelewa tulichokosea. Kuyaona mambo kwa kipimo chake cha haki si kutafuta mtu aliye chini yako. Ni kunyoshwa shingo ili uzione nyuso. Mgongo unaweza kubaki umepinda, lakini macho yakainuliwa. Na huenda mgongo ukanyoka, lakini macho yakabaki chini. Twawaambia kwa hakika, tumewahi kuwa katika hali zote mbili.

Hatujapona kabisa. Baiskeli hatuipandi tena katika mchanga. Mzigo mzito hatuinui. Tukikaa muda mrefu maumivu hurudi, nasi huomba ruhusa tukasimama katikati ya ibada. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa kwamba neema itamtosha. Hatuwezi kusema kwamba imani ya Paulo ilikuwa ndogo.

Mwaka 2016 tulikwenda Kakuma. Safari hii tuliketi mbele, na kila nusu saa dereva alisimama, tukatandika mkeka kando ya barabara, tukalala kidogo chini ya jua. Tulimkuta kijana wetu mlangoni kwake, katika kiti cha magurudumu, anatengeneza redio na simu za watu. Alitutazama muda mrefu. Akasema, “Kumbe mmekuja.”

Ilikuwa Jumapili. Njia ya kwenda kanisani ni mchanga, na magurudumu yalizama. Kijana akacheka, akasema, “Mimi siwezi kutembea. Mwalimu hawezi kusukuma. Mama amesukuma watu mwaka mzima, na apumzike. Haya, nani atatupeleka?” Akapiga mluzi. Watoto sita wakaja mbio, wakakisukuma kiti kwa kelele, nasi tukafuata nyuma polepole na gongo letu.

Katika ibada aliombwa atoe shukrani. Tulitega masikio, maana tulikumbuka swali lake. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya maji ya bomba yaliyokuja asubuhi ile. Alimshukuru kwa ajili ya watoto sita, akawataja kila mmoja kwa jina. Na alimshukuru kwa ajili ya wageni wawili walioahidi wakafika. Kisha akasema amina. Katika sala yote ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewekwa chini ili yeye aonekane juu.

Ndugu msikilizaji, jioni ya leo utakapotaka kushukuru, jaribu kushukuru namna hiyo. Taja kilichokuja. Taja waliokusukuma. Na kama nyumbani mwako yuko mgonjwa, mwambie pole. Kisha geuka, umtazame yule aliyeshika sufuria, umwulize kama amekula.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe unayewaona walioinama kabla hawajakuita, waone leo wanaotusikiliza kitandani. Uwape wauguzi wao nguvu, na uwape watu wa kuwapokea zamu. Utusamehe shukrani tulizozijenga juu ya huzuni za jirani zetu. Ukiona vema, utunyoshe migongo. Na ikiwa safari ni ndefu, utupe mahali pa kukaa njiani, na macho ya kuziona nyuso za wenzetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.